Maswali ya Wasomaji: Amani Hufundishwa Wapi?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuandikie juu ya nafasi ya dini na elimu katika kuleta amani duniani. Barua tulizopokea ni nyingi kuliko kurasa tulizo nazo. Tumechagua nne, tukazifupisha bila kugusa hoja zake, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu, Mwislamu, na ndugu wa upande wa mama yangu ni Wakristo. Kwetu Idi na Krismasi zote hupikiwa pilau, na sijaona watu wakigombana kwa ajili ya dini. Lakini mwanangu wa kidato cha pili ameniuliza: ikiwa dini zote zinahubiri amani, mbona wanaopigana katika taarifa za habari karibu wote wana dini? Nimjibu nini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Dada yetu, mwanao ameuliza jambo ambalo watu wazima wengi hulikwepa kwa kusema kwamba wanaoua kwa jina la dini si waumini wa kweli. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayamtoshi kijana anayefikiri, kwa sababu yanaiondolea dini kila lawama kabla kesi haijasikilizwa. Tunashauri umsimulie habari za Nyange, magharibi mwa Rwanda, mahali ambapo kanisa na shule vilipimwa katika muda wa miaka mitatu.

Mwezi Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisa la parokia ya Nyange, kwa kuwa katika machafuko ya miaka ya nyuma waliojificha makanisani walikuwa wamesalimika. Safari hii mambo yalikwenda vingine. Lililetwa tingatinga la kampuni iliyokuwa ikijenga barabara jirani, na tarehe 16 kanisa likaangushwa juu ya watu waliokuwa ndani. Padri aliyekuwa na dhamana ya parokia hiyo, Athanase Seromba, alishitakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa na makao yake Arusha. Mwaka 2006 alihukumiwa kifungo cha miaka 15, na mwaka 2008 majaji wa rufani wakaigeuza adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Mwezi uleule wa Aprili, katika mji wa Gisenyi, mwanamke Mkatoliki aliyeitwa Félicité Niyitegeka alikuwa akiwaficha watu na kuwasaidia kuvuka mpaka kwenda Goma. Ndugu yake wa kiume, aliyekuwa afisa wa jeshi, alimtumia ujumbe ajiokoe. Alikataa kuwaacha watu aliokuwa amewahifadhi, akauawa pamoja nao. Padri huyo na mwanamke huyo walisikiliza Injili moja na kupokea sakramenti zilezile.

Turudi Nyange. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya hapo, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wakiwa katika masomo ya jioni. Waliwaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi wakajibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Walipigwa risasi na kurushiwa mabomu ya mkono. Sita wakafariki na wengine wakajeruhiwa. Rwanda imewaandika wote, waliokufa na walionusurika, katika orodha ya mashujaa wa taifa.

Tukio linalofanana na hilo limetokea karibu nasi zaidi. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak nchini Kenya, basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa na watu wenye bunduki waliowataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja kabla, katika kaunti hiyohiyo, abiria 28 wasio Waislamu walikuwa wameshushwa kwenye basi na kuuawa, kwa hiyo hakuna abiria ambaye hakuelewa amri ile ilikuwa na maana gani. Wanawake wa Kiislamu waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike, na abiria wakawaambia wavamizi wawaue wote au wawaache wote. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alikuwa mmoja wa waliokataa kutengwa. Alipigwa risasi, akafariki hospitalini mwezi uliofuata.

Sasa mwanao anaweza kuliuliza swali lake kwa namna nyingine: dini ya mtu inamwambia afanye nini pale mwenye nguvu anaposema "jitengeni"? Kila dini ina mafundisho ya kujibu amri hiyo kwa kukataa. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 13, Mwenyezi Mungu anawaambia wanadamu wote, wala si waumini peke yao, kwamba amewafanya mataifa na makabila ili wajuane. Katika Injili ya Luka, sura ya 10, Yesu anapoulizwa jirani ni nani anamtaja Msamaria, mtu wa kundi ambalo wasikilizaji wake walilidharau, na kumfanya ndiye mwema wa hadithi. Lakini mafundisho hayo yanaweza kukaririwa kwa miaka arobaini bila kumgusa mtu, ikiwa kila Ijumaa au kila Jumapili anasikia pia, kwa mzaha au kwa kebehi, kwamba wale wengine ni najisi, ni wajanja, au wametuzidi kwa hila. Hata Wabudha wa Myanmar, ambao dini yao inakataza kumdhuru kiumbe chochote, wamekuwa na watawa waliochochea chuki dhidi ya Warohingya, Waislamu wa nchi hiyo. Kwa hiyo mwambie mwanao kwamba dini haimlindi mtu na ukatili kwa kuwa nayo tu. Ana haki ya kumsikiliza kila anayemhubiria, sheikh au mchungaji, na kujiuliza huruma anayoihubiri inaishia kwa nani. Pilau ya kwenu ya sikukuu mbili, tukiruhusiwa kusema, imemfundisha zaidi ya unavyodhani, kwa kuwa mtoto aliyekula kwa shangazi Mkristo na kwa baba mdogo Mwislamu hatishiki kwa urahisi na maneno ya mtu wa jukwaani.

SWALI: Kila yanapotokea machafuko mahali fulani, wakubwa husema kwamba elimu ndiyo dawa, kisha hupendekeza somo jipya la amani. Sisi walimu tuna masomo mengi na madarasa yaliyojaa. Je, somo la namna hiyo lina faida, au ni kazi ya makaratasi? (Mwalimu wa shule ya msingi, Mwanza)

JIBU: Mwalimu, tuanze na jambo lisilopendeza: elimu nyingi haimzuii mtu kuua. Ferdinand Nahimana alikuwa daktari wa historia, mwenye shahada aliyoipata Paris, na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda. Ndiye mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM iliyochochea mauaji ya 1994, na mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003; baada ya rufaa adhabu yake ikawa miaka 30. Na muda mrefu kabla ya redio hiyo, katika shule za Rwanda kulikuwa na walimu waliowasimamisha watoto darasani kwa makabila yao, Wahutu kwanza, kisha Watutsi, mtoto wa miaka saba ambaye hajui yeye ni nani akitumwa nyumbani akaulize. Somo la hesabu liliendelea kama kawaida baada ya hapo.

Katiba ya UNESCO, iliyopitishwa London mwezi Novemba 1945, inasema kwamba kwa kuwa vita huanzia katika fikra za wanadamu, ni katika fikra hizohizo kinga za amani hazina budi kujengwa. Sentensi hiyo hunukuliwa sana kwenye makongamano, na ni sahihi. Lakini mtoto hajengwi fikra na somo moja la dakika arobaini. Hujengwa zaidi na mtu anayeketi naye, na vitabu vinavyomsimulia habari za majirani zake, na jinsi anavyotendewa anapokosa.

La kwanza, nani anaketi na nani. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 nchini Tanzania ilizitaifisha shule nyingi za mashirika ya dini, na kwa miaka mingi vijana waliochaguliwa kujiunga na sekondari walipangiwa shule za bweni mbali na kwao, mtoto wa Kihaya akilala kitanda cha juu na wa Kimakonde cha chini. Wazazi wengi walilalamika, na malalamiko mengine yalikuwa ya haki, kwa sababu kutaifisha kuliwaumiza watu waliojenga shule hizo kwa sadaka zao. Hata hivyo matunda yake yamepimwa. Mwaka 2004 mchumi Edward Miguel alichapisha utafiti uliolinganisha wilaya mbili za vijijini, Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Aliona kwamba huko Busia, kadiri makabila yalivyochanganyika katika eneo moja, ndivyo michango ya wananchi kwa shule za msingi ilivyopungua, ilhali Meatu mchanganyiko wa makabila haukupunguza michango. Alilihusisha jambo hilo na sera za ujenzi wa taifa, zikiwemo lugha moja na mitaala. Utafiti mmoja haumalizi mjadala, lakini huu unastahili kusomwa na kila anayepanga shule. Nasi tunaongeza kwamba tumeuacha urithi huo upungue kimyakimya: shule za kata zimewafungulia mlango maelfu ya watoto, jambo jema kabisa, lakini zinawafundisha karibu na nyumbani, na shule binafsi zinawapanga upya kwa dini na kwa mfuko wa mzazi.

Ireland ya Kaskazini inaonyesha jinsi ilivyo kazi kuwarudisha pamoja watoto waliokwisha kutengwa. Huko Waprotestanti na Wakatoliki walisoma mbalimbali kwa vizazi. Mwaka 1981 wazazi wachache walifungua Lagan College mjini Belfast, shule ya kwanza ya sekondari iliyokusudia kuwachanganya, ikaanza na wanafunzi 28 katikati ya mabomu. Mkataba wa amani ulitiwa saini mwaka 1998, lakini hadi leo wanafunzi walio katika shule za aina hiyo hawafiki mmoja katika kila kumi. Wanasiasa wamewahi kupatana kabla ya ratiba za mabasi ya shule.

La pili ni vitabu. Ufaransa na Ujerumani zilipigana vita vitatu vikubwa kati ya 1870 na 1945, na kila upande ulikuwa na kitabu chake cha historia kilichomfanya mwenzake kuwa mchokozi. Mwaka 2003 vijana wa nchi hizo mbili walipendekeza kiandikwe kitabu kimoja cha historia kitumike kwenye shule za pande zote mbili, na mwaka 2006 juzuu ya kwanza ikatoka. Sisi wa Afrika Mashariki tunasoma habari za Uganda, Kenya, Burundi na Kongo katika vitabu ambavyo kila nchi imejiandikia, na katika vingine jirani hutajwa pale tu anapoleta wakimbizi.

La tatu ndilo lililo mikononi mwako, Mwalimu, na halihitaji waraka wa wizara. Watoto wawili wanagombania dawati, mmoja amemrarua mwenzake shati. Walimu wengi, kwa uchovu unaoeleweka, huwachapa wote wawili na kuendelea na somo. Watoto wanaondoka na funzo kamili: mwenye fimbo ndiye mwenye kauli, na kujieleza ni kupoteza muda. Ukitumia dakika kumi kumwacha kila mmoja aseme, mwenzake akirudia alichosikia kabla ya kujibu, kisha aliyerarua shati akaja kesho na sindano na uzi, utakuwa umefundisha somo la amani bila kitabu. Mpango wa elimu ya amani ulioanzishwa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa katika kambi za Dadaab na Kakuma, mwishoni mwa miaka ya tisini, ulijengwa zaidi juu ya mazoezi ya kusikilizana na kusuluhishana kuliko juu ya mihadhara. Kwa hiyo, kama somo jipya litakuja na mazoezi hayo na muda wa kuyafanya, lipokee. Likija na mtihani wa kuchagua jibu sahihi, una haki ya kunung'unika.

SWALI: Nimechoka na neno amani. Kila anayedai haki yake huambiwa kwamba anahatarisha amani, na viongozi wa dini huitwa kumtuliza. Je, dini na elimu zinaunga mkono ukimya huo? (Mwanafunzi wa chuo kikuu, Dodoma)

JIBU: Haziungi mkono, ndugu yetu, na anayezitumia hivyo amesoma nusu ukurasa. Nabii Isaya, sura ya 32, anasema kwamba kazi ya haki itakuwa amani, maana yake amani ni zao na haki ndiyo shamba. Surat al-Maida, aya ya 8, inawaamuru waumini wafanye uadilifu hata kwa watu wanaowachukia. Papa Paulo VI aliipa Siku ya Amani Duniani ya mwaka 1972 ujumbe wa kwamba ukitaka amani, uifanyie kazi haki. Upande wa wanazuoni, Johan Galtung wa Norway alieleza mwaka 1969 kwamba kukosekana kwa risasi ni sehemu tu ya amani, kwa sababu watu wanaweza kuuawa na mpangilio wa jamii bila mtu yeyote kufyatua kitu: mama anayefia njiani kwa kuwa zahanati iko mbali hahesabiwi na wanaohesabu majeruhi wa vita.

Tunakuomba tu usitenganishe dai na njia ya kulidai. Tarehe 11 Septemba 1906, katika ukumbi mmoja wa Johannesburg, Wahindi Waislamu na Wahindu walikusanyika kupinga sheria iliyowataka wajiandikishe kwa alama za vidole. Mfanyabiashara Mwislamu, Haji Habib, alipendekeza waape mbele ya Mungu kwamba hawataitii. Mohandas Gandhi, aliyekuwapo, aliwaonya wafikirie uzito wa kiapo hicho kabla ya kuinua mikono, kwa sababu kingewapeleka gerezani. Waliinua mikono, na wengi gerezani walikwenda. Hapo ndipo ilipozaliwa harakati ya kupinga dhuluma bila kumwaga damu, na iliwasumbua wenye dhuluma vya kutosha.

SWALI: Mimi ni mzee wa mtaa na mwanakamati wa amani. Tunaitwa hotelini, sheikh anaomba dua, askofu anaomba, tunapigwa picha, tunapewa nauli. Vijana wa mtaani kwetu wanaendelea kukatana mapanga. Mikutano hii ya dini mbalimbali ina maana? (Mzee, Mombasa)

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Maana inaweza kuwepo, lakini si ya hotelini.

Msumbiji ilikuwa vitani tangu mwaka 1977, na watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja walikufa kwa vita na njaa. Serikali ya FRELIMO na wapiganaji wa RENAMO hawakupatanishwa na dola kubwa. Walipatanishwa na jumuiya ya Wakatoliki walei ya Sant'Egidio ya Roma, pamoja na Jaime Gonçalves, Askofu Mkuu wa Beira, na mwakilishi wa serikali ya Italia. Mazungumzo yalianza Julai 1990 na mkataba ukatiwa saini tarehe 4 Oktoba 1992. Waliozungumza walikaa zaidi ya miaka miwili wakirudi na kuondoka, na wenyeji wao hawakuchoka wala hawakutafuta sifa. Kisha, mwaka 1995, Baraza la Makanisa la Msumbiji chini ya Askofu Dinis Sengulane wa Kianglikana likaanza kuwapa watu cherehani, baiskeli na majembe kwa kila bunduki waliyoileta, kwa kufuata unabii wa Isaya kuhusu panga zitakazofuliwa kuwa majembe. Bunduki zilikatwakatwa mbele ya watu, na vipande vingine wakapewa wasanii wa Maputo. Kiti kilichoundwa navyo na msanii Kester mwaka 2001 kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London.

Tusikufiche upande wa pili. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado, kaskazini mwa nchi hiyohiyo, inaungua tena, na wakimbizi wamevuka mto Ruvuma kuingia Mtwara. Viongozi wa Kiislamu wa huko walikuwa wametoa tahadhari mapema juu ya vijana waliokuwa wakijitenga na misikiti yao. Tahadhari ilikuwepo, hakukuwa na aliyekuwa na kazi ya kuifuatilia.

Kwa hali ya mtaa wenu, mfano unaofaa zaidi ni Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, kwa kuwa ulianza bila fedha. Mwanzoni mwa miaka ya tisini koo za Kisomali zilikuwa zikiuana huko, na uhasama ukaingia sokoni hadi wanawake wa ukoo mmoja wakakataa kuuziana na wa ukoo mwingine. Wanawake wachache, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, walianza na soko hilo: walikubaliana kwamba kila mwanamke auze na anunue bila kuulizwa ukoo, wakaunda kamati ya kuangalia kila siku kama makubaliano yanafuatwa. Baadaye waliwafuata wazee, na mkutano wa wazee ukaongozwa na mzee wa ukoo mdogo ambao haukuwa na upande, hadi likapatikana Azimio la Al-Fatah mwaka 1993. Masheikh walihusishwa, vijana wakatafutiwa shughuli, na kukawa na kikundi cha wazee, wanawake na maafisa wa usalama kilichokimbilia mahali palipotokea wizi wa mifugo au mauaji kabla ya upande ulioumizwa kujipanga kulipiza kisasi. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, miaka minne kabla ya kifo chake.

Kwa hiyo, Mzee wetu, barua ya mwaliko ikija tena, waulize waandaaji mambo mawili kabla ya kukubali nauli: kijana akikatwa panga leo saa mbili usiku, ni nani kati ya wajumbe atakayekuwa nyumbani kwa aliyekatwa kabla ya alfajiri, na nani atakayekuwa nyumbani kwa aliyekata? Na katika orodha ya wajumbe, wako wapi kina mama wanaouza mahamri kwenye kona ile wanayokaa vijana hao, ambao huwajua kwa majina na hujua mapema kuliko kamati nzima kwamba kuna jambo linapikwa? Wakishindwa kujibu, itisha kikao barazani kwako, na uwaalike kina mama hao kwanza.